Kuku wa Lusekelo

Egidi alinikuta shambani nimekaa chini katikati ya majani, fyekeo limelala pembeni, na mteremko sijaufyeka hata robo. Mwezi wa tatu ulikuwa umeshaingia, na kwetu huku Umatengo mwezi wa tatu haumngoji mtu. Majani yafyekwe, yalazwe kwa mistari inayokatana mpaka mlima uonekane kama umetandazwa wavu, halafu udongo wa katikati uchimbwe uyafunike. Hapo ndipo inapatikana ngolo, yale mashimo yanayokaa na maji ya mvua, na kwenye kingo zake tunapanda maharage. Kufyeka na kulaza majani ni kazi ya mwanamume. Kufukia ni kazi ya mwanamke. Mimi tangu mume wangu Elias aondoke, na mwanangu Augustino akamfuata, nilikuwa mwanamume na mwanamke, na mwaka ule wote wawili walikuwa wamechoka.

"Tumsifu Yesu Kristo, bibi. Shikamoo."

"Milele amina. Marahaba, mume wangu. Umetokea wapi? Wewe si uko chuoni?"

"Tumepewa likizo."

"Likizo ya kwenda kukonda?"

Alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Akaweka begi chini, akavua shati la safari, akaokota fyekeo. Hata maji hakuomba. Akaanza kufyeka kutokea pale nilipoachia, na mimi nikaendelea kukaa, nikimtazama mgongo. Mifupa ya mabega ilikuwa inacheza ndani ya fulana kama vijiti ndani ya gunia.

Egidi ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kufika chuo kikuu. Alipoondoka kwenda Dar es Salaam tulimsindikiza stendi ya Mbinga watu wengi kama tunamsindikiza bwana harusi, na shemeji yangu Mansuetus, mdogo wa marehemu mume wangu, alimwekea mkono kichwani mbele ya makondakta. Baba yake ndiye huyo Augustino wangu. Mama yake, Anjelina, aliolewa tena huko chini Ngumbo, ziwani, na mimi sikumlaumu, alikuwa bado mbichi. Mtoto akabaki kwangu. Nimemlea kwa kahawa, maharage na vitendawili.

Jioni ile, tukisubiri maharage yaive, nikamtegea kimoja ili kumchangamsha.

"Kitendawili."

"Tega," akasema, kwa sauti ya mtu anayeitikia misa huku anasinzia.

"Mlima umejipangia vikombe, unakunywa wenyewe."

"Sijui, bibi."

"Hujui? Na umeshinda navyo mchana kutwa? Haya, nipe mji."

Nilikuwa nangoja anipe Songea, au Mbamba Bay, au Liuli. Hiyo ndiyo miji aliyokuwa ananigawia tangu mdogo. Dar es Salaam alikuwa anainyima. Alikuwa anasema, "Hiyo sikupi bibi, hiyo ni yangu, nitaenda mwenyewe," na mimi namfukuza na mwiko.

"Chukua Dar es Salaam," akasema. "Chukua yote."

Nikalipokea jiji lile na sikujua niliweke wapi. Nikamwambia jibu ni ngolo. Akasema ahaa, akainuka, akanawa mikono na miguu vizuri, akajifuta.

"Naenda kwa babu Mansuetus. Sengu."

Nilikuwa na neno la kumwambia, nikakoroga maharage badala yake. Nikamwacha aende.

Labda niseme kidogo habari ya sengu, kwa sababu vijana wa sasa hata jina wanaliuliza. Ni pale uwanjani kwa mkubwa wa ukoo, kwenye banda la nyasi, ambapo wanaume wote wanakula pamoja. Kila mke anapika kwake na analeta chungu chake, vyungu vyote vinawekwa katikati. Hakuna kula cha mke wako tu. Unachovya huku, unachovya kule, na aliyepikiwa mlenda tu anakula nyama ya mwenzake bila kuombwa hesabu. Mkubwa ananawa kwanza, na asiponawa yeye hakuna anayegusa. Wakishashiba ndipo mambo yanasemwa: nani kampiga mkewe, nani kamega mpaka wa shamba, mtoto yupi kafanya utukutu. Mtoto wa kiume akishaota meno ya pili anaondoka jikoni kwa mama na kwenda huko. Egidi alikulia sengu. Kula peke yake alikuwa hajui kunafanywaje.

Alirudi maharage yakiwa hayajapoa.

"Bibi, kuna kufuli."

"Ndiyo."

"Kufuli kubwa. Nimechungulia ndani, kuna mizani na magunia matupu."

"Ya kampuni ya kahawa. Babu yako amewapangisha."

"Sasa wanakula wapi?"

"Kila mtu kwake."

Akakaa chini pale pale mlangoni, hakuingia wala hakutoka. Nilimweleza. Zamani kahawa yote ilikwenda chama cha ushirika, na kama ni kucheleweshewa malipo tulicheleweshewa wote, na kama ni kula mlenda tulikula mlenda wote. Ilipokuja ruksa, na wanunuzi wa watu binafsi wakaanza kupita na magari yao mpaka mlangoni, huyu akawa ameuza leo, yule atauza mwezi ujao, mwingine kauza ingali mbichi mtini. Mwenye nyama akaanza kula ndani. Mkewe analeta sengu chungu cha maharage, cha nyama kimebaki uvunguni. Wenzake wakasikia harufu. Hapakuwa na ugomvi. Siku moja vyungu vilikuja vitatu, siku nyingine kimoja, halafu ukaja ule mlango wa mbao na kufuli.

"Mbona hamkuniambia?"

"Ungefanya nini na habari hiyo huko Dar?"

Akavuta kigoda akala na mimi, jikoni, kijana mwenye ndevu zinazoanza, kati ya vyungu na bibi yake. Alikula tonge kama nne, akanawa.

Ilichukua siku kadhaa mpaka akasema. Alikuwa analaza majani, mimi nafukia nyuma yake, na aliongea akiwa amenipa mgongo, kama watu wanavyoongea kwa padri.

"Bibi, mimi sirudi kule."

Nikaegemea jembe. "Masomo yamekushinda?"

"Masomo siyo."

"Umempa mtu mimba?"

"Bibi!"

"Nauliza. Mke mwenza siyo wa kufichwa."

Hapo alicheka kidogo, kisha akanieleza. Vyumba havitoshi huko, na yeye aliangukia kitanda kimoja na kijana anaitwa Lusekelo, mtu wa Mbeya, wanalala mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni kwa yule. Maji hayapandi ghorofani, wanabeba ndoo. Mhadhara ukianza saa moja asubuhi, mwenye kuchelewa anasikilizia dirishani. Hayo yote, alisema, aliyaweza. Lililomshinda ni bwalo la chakula.

Siku ya kwanza alipanga foleni, akapewa sahani yake ya ugali na maharage, akaenda kukaa meza moja na wenzake. Akaiweka sahani katikati ya meza. Akangoja mkubwa anawe. Hakuna aliyenawa, kila mmoja ameinamia chake na kijiko. Akadhani labda wameshanawa nje. Basi akamega tonge, akanyoosha mkono, akachovya kwenye sahani ya jirani yake, ambaye alikuwa na mchuzi wa nyama.

"Mungu wangu," nikasema.

"Yule jamaa alishika mkono wangu, bibi. Akaunyanyua juu kama refa anavyonyanyua mkono wa bondia. Akauliza bwalo zima, huu mkono ni wa nani? Watu walicheka mpaka wapishi wakatoka kuangalia. Tangu siku hiyo jina langu ni Mkono Mrefu. Darasani Mkono Mrefu. Maktaba Mkono Mrefu. Nikipita karibu na meza watu wanafunika sahani."

Mkono mrefu ni mwizi. Mjukuu wangu, ambaye hajawahi kuchuma hata pera la mtu.

"Sasa unakula wapi?"

"Nanunua andazi, nakula chumbani nimegeukia ukuta. Siku nyingine sili." Akalaza majani mengine, akayanyoosha vizuri. "Nitakaa hapa. Nitafyeka, na hata kufukia nitakufukia. Nani ataniona?"

Nataka mnielewe hapa. Niliposikia neno hilo, mgongo wangu wote uliitikia ndiyo. Mteremko ule ulikuwa umenitazama vibaya tangu Januari. Kahawa ilihitaji kupogolewa, paa la jikoni linavuja, na hapa amesimama mwanamume mwenye fyekeo, wa damu yangu, anaomba kukaa. Nilitaka kusema kaa. Nilifungua mdomo kabisa. Halafu nikaona kwamba mwenye kusema ni mgongo, na jambo kama hili lisiamuliwe na mgongo wa mwanamke mzee. Zamani mtoto wa ukoo akitaka kuacha shule, jambo lake lilipelekwa sengu.

Nikamwambia, "Malizia mstari huo twende tukale."

Kesho yake nilikwenda kwa Mansuetus. Nilimkuta anasuka kamba, redio iko masikioni.

"Shemeji, Jumapili baada ya misa nataka sengu."

Akapunguza redio. "Nini?"

"Sengu. Umesikia."

"Shemeji, umeamkaje leo? Siku hizi ni soko huria. Kahawa huria, mahindi huria, hata ugali uko huria, kila mtu anakula anapopenda."

"Basi Jumapili ule kwa hiari yako pale uwanjani."

"Na ufunguo anao kijana wa kampuni, yuko Songea."

"Nilikuomba ufunguo? Uwanja nao umepangisha?"

Akakuna kidevu. Huyu shemeji yangu siyo mtu mbaya. Amezoea tu. "Kuna nini?" akauliza.

"Mjukuu wako anataka kuacha chuo. Nikimwamulia mimi peke yangu, kesho mtasema bibi alimtaka wa kumlimia."

"Si kweli unamtaka wa kukulimia?"

"Kweli. Ndiyo maana nimekuja."

Jumapili nilichinja jogoo wangu mzee, nikamchemsha mpaka akakubali. Nikapika ugali, nikabeba vyungu viwili kwa safari mbili, kwa sababu siku hizi sibebi kila kitu mara moja. Nikatandika mkeka uwanjani, mbele ya mlango wenye kufuli, nikaweka vyungu katikati. Mansuetus alikuwepo kwenye kigoda, amevaa koti la kanisani. Egidi amekaa chini kwenye mkeka, magoti pamoja, kama mgeni. Hakuna mwingine. Nilikaa pembeni chini ya ukuta, mahali pa wanawake, nikihesabu moshi wa nyumba za wenzetu na kusema moyoni, tumekwisha.

Halafu akaja Placidi, mtoto wa kaka yao mwingine, mtu wa maneno mengi, nyuma yake mkewe Gertruda na chungu kichwani.

"Nimesikia harufu ya jogoo wa shangazi," Placidi akasema, ingawa mimi siyo shangazi yake, "nikasema huyu jogoo aliniamsha miaka yote, leo lazima nimzike."

Gertruda alipoweka chungu, Tadea, mkwe wa Mansuetus, aliona haya kubaki ndani. Akatoka na maharage. Na wengine wawili watatu wakaja, wanajifuta midomo. Walikuwa wameshakula kwao, wote, nilijua, na Mansuetus mwenyewe alikuwa ameshakula, kwa sababu alipoinama kunawa alibeua.

"Baba mdogo," Placidi akasema, "mbona tumbo limetangulia mikono?"

"Nyamaza, nawa."

Wakanawa. Mkubwa akamega, na Egidi akamega baada ya wote, akachovya kwenye chungu cha Gertruda, kisha cha Tadea, kisha changu, na nilimwona akifumba macho. Sikuwa nimemwona akila hivyo tangu arudi. Niligeuza uso nikajifanya natoa jani kwenye khanga.

Wakala wakitaniana, mtu na mtu. Mifupa ilipobaki mitupu, Mansuetus akajifuta, akasema, "Haya. Sema mwenyewe."

Egidi akasema. Alisema yote, bila kuficha, na alipofika pale pa kuchovya mchuzi wa jirani, Placidi alicheka mpaka akaanguka upande, akashika mbavu.

"Mchuzi wa mtu! Halafu wa nyama! Egidi, si ungeanza na wa maharage kwanza?"

Wote wakacheka, hata mimi kidogo, Mungu anisamehe. Egidi alikuwa anatazama mkeka. Mansuetus peke yake hakucheka.

"Na huyu mnayelala naye kitanda kimoja? Naye alikuwepo?"

"Lusekelo. Alikuwepo."

"Mnalala kitanda kimoja na hamli pamoja?"

"Kule ndivyo ilivyo, babu."

"Kitanda kimoja, miguu yake puani kwako, na chakula kila mtu chake." Akatikisa kichwa. "Naye alicheka?"

Egidi akafikiri. Nilimwona anafikiri, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni. "Hapana. Siku ile hakucheka. Kesho yake alikuja akakaa mbele yangu. Akasukuma sahani yake katikati. Akasema, haya, chovya."

"Ukafanyaje?"

"Nilijua anataka kunifanya kichekesho tena. Nikabeba sahani yangu nikaondoka."

Placidi, ambaye alikuwa bado anajifuta machozi ya kicheko, akashusha kitambaa. Katika ukoo wetu, mtu akisukumiwa chakula sengu akakikataa na kuondoka, amemtukana mwenye chakula na wote waliokaa. Haijalishi ana hasira gani. Marehemu Elias aliwahi kufanya hivyo akiwa kijana, akalipa kuku; na kuku wa namna hiyo analiwa hapo hapo sengu, na yule aliyetukanwa ndiye anachovya wa kwanza. Ni jambo ambalo hata mtoto wa meno ya pili analijua.

"Alisukuma sahani," Mansuetus akasema polepole, "na wewe ukaondoka."

"Babu, kule hawana mambo haya. Lusekelo hajui kama nimemkosea au sijamkosea."

"Yeye hajui. Wewe unajua."

"Walinicheka bwalo zima!"

"Hao wengine sina habari nao, hawakukusukumia kitu. Ninamuulizia huyu mmoja. Kijana wa watu, umelala naye, amekuona umeaibika, amekuja na sahani yake mbele ya hao hao wanaocheka, naye akijua watamcheka. Ukamwacha amekaa na sahani yake katikati ya meza, peke yake." Akasogeza kigoda mbele. "Alikaaje pale, baada ya wewe kuondoka?"

Egidi akaweka mkono mdomoni. Nadhani alikuwa hajawahi kugeuka nyuma kuangalia, hata kwa mawazo.

"Kuku," Mansuetus akasema.

"Babu..."

"Kuku. Ukishamlipa, ukitaka kurudi kulima, rudi, hakuna atakayekuzuia, na bibi yako atafurahi kuliko alivyo. Lakini huwezi kuacha chuo ukiwa na kuku wa mtu."

"Nitampelekaje kuku Dar es Salaam?" Sauti yake ilikuwa karibu kulia, au kucheka, sikujua.

"Kwa basi," Placidi akasema. "Kwa barabara hiyo mpaka afike atakuwa naye mwanachuo."

Hapo ndipo Egidi alicheka. Alicheka kweli, kwa tumbo, na wengine wakamfuata, mpaka Mansuetus mwenyewe meno yakaonekana. Wakajadiliana. Mmoja akasema achinjiwe huko huko, mwingine akasema kuku wa huko si kuku. Mwisho ni Gertruda, kutoka kwetu ukutani, aliyesema bila kuulizwa, "Si apeleke usipa? Hauozi." Wakatazamana. Usipa ni dagaa wa ziwani kwetu, akikaushwa vizuri anafika popote. Mansuetus akasema, "Usipa uwe kuku."

Basi Egidi aliteremka Ngumbo kwa miguu, kwa njia ile ya zamani ambayo sisi tulikuwa tunabeba maharage kwenda kubadilishana samaki, magoti yangu yalipokuwa bado magoti. Akalala kwa mama yake. Alinisimulia kwamba Anjelina hakuuliza mengi. Alimpeleka ufukweni asubuhi, wakageuza usipa kwenye vichanja, akamchagulia ule uliokauka bila mchanga, akaujaza ndoo ya plastiki yenye mfuniko mpaka mfuniko ukagoma. Ndoo ilikuwa ya kwangu. Nilimwambia mapema, hiyo ndoo nataka irudi.

Siku ya kuondoka hatukuwa wengi stendi. Mimi, na Tadea aliyekuwa na shida zake sokoni. Kulikuwa na ukungu, makondakta wanaitana, basi limewashwa linatetemeka. Egidi alikuwa ameshika ndoo mapajani kama mtu aliyepakata mtoto wa mwenzie. Hakuwa na furaha. Alikuwa amechoka kama mimi, ila kuchoka kwake kulikuwa kunakwenda mahali.

"Na kama akiikataa?" akaniuliza dirishani. "Kama akicheka?"

"Atakuwa yeye ndiye mwenye kudaiwa kuku. Kitendawili."

"Bibi, basi linaondoka."

"Kitendawili!"

"Tega."

"Ndugu watano wanabeba mzigo, wanautupa pangoni, wanarudi kuchukua mwingine."

Akafikiri, paji la uso limejikunja. Hiki nilikuwa nimekitunga mwenyewe usiku wa kuamkia safari, hawezi kuwa amekisikia popote. Dereva akapiga honi.

"Sijui. Nitakifikiria njiani."

"Basi nipe mji."

"Chukua Mbinga."

"Mbinga nimekaa tangu nizaliwe, nimeichoka. Nipe mwingine."

Basi likaanza kusogea. Nilitembea nalo kidogo, nimeshika ukingo wa dirisha, mpaka Tadea akanivuta kwa khanga.

"Dar sikupi," Egidi akasema, mzito, hakutabasamu. "Siyo leo."

Nilirudi shambani siku ile ile, kwa sababu mvua ilikuwa inakuja na robo ya mwisho ya mteremko ilikuwa bado na majani yamesimama. Nilikuta mtu anafyeka. Ni Mansuetus, na koti lake bovu, ananung'unika peke yake kwamba majani ya marehemu kaka yake yalikuwa magumu hata akiwa hai. Hatukusalimiana sana. Yeye alifyeka, mimi nikafukia. Jioni alikwenda kula kwake, na mimi kwangu. Kufuli lilikuwa pale pale. Siwezi kuwaambia kwamba sengu lilirudi, halikurudi. Gertruda aliniletea mboga mara moja au mbili, ndiyo hivyo.

Maharage yalikuwa yameanza kukauka maganda pale kondakta mmoja alipouliza nyumba yangu sokoni akaelekezwa. Alikuja na ndoo yangu. Nilipoiona nilijua kwa mbali, kwa ule mpasuko wa mfuniko. Niliogopa kuipokea, nikafikiri imerudi na usipa ndani.

"Ni nzito, bibi," akasema kondakta. "Kijana wako kaniambia nikukabidhi mkononi."

Nikafungua. Ulikuwa mchele. Siyo mchele wa dukani: mrefu, mweupe, wenye harufu ile ambayo ukiinamia tu unaona sahani. Kondakta akasema ni wa Kyela, kuna mama mmoja wa huko amemtumia mwanawe chuoni, na mwanawe ndiye kajaza ndoo. Kyela! Huyo Lusekelo niliyekuwa namwita mtu wa Mbeya, kumbe ni wa Kyela, kichwani mwa ziwa hili hili letu. Usipa ameula tangu hajaota meno.

"Na ameniambia nikwambie kitu kingine," akasema kondakta, akikuna kichwa. "Mimi sijui maana yake, nakileta kama kilivyo. Amesema jibu ni vidole na tonge. Na amesema wako sita mezani sasa, usipa uliisha siku moja."

Nikamkaribisha, nikamkatia ndizi mbivu, akaondoka. Nilikaa na ndoo miguuni kwa muda. Mgongo ulikuwa unauma palepale panapouma siku zote, na kahawa ilikuwa bado haijapogolewa. Kisha nikawasha moto. Nikapika mchele wote, hata haukuwa na mboga ya maana, maharage tu, nikaubeba kwa safari mbili mpaka uwanjani kwa Mansuetus, nikauweka chini mbele ya kufuli, na nikamwita kwa sauti anawe.